Matairi ya mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba: dhana potofu na ukweli

Trena ni kifaa kinachoishikilia baiskeli ili uikanyage bila kusogea. Tunazungumzia hasa trena ya kubana gurudumu, ile inayoshika ekseli ya nyuma huku rola ya chuma ikigandamiza tairi. Makosa mengi ya kuchagua tairi hutokana na kudhani kwamba rola ni barabara nyingine tu. Sivyo. Barabarani tairi hutulia juu ya lami na kupozwa na hewa inayopita. Kwenye trena, rola nyembamba huzama kwenye mpira na kuubonyeza kwa nguvu eneo dogo, mzunguko baada ya mzunguko, na baiskeli haisogei hata hatua moja, hivyo hewa ya kupoza haipo. Joto na kuteleza ndivyo vinavyoua tairi hapo.

Dhana: Tairi lolote linafaa, mradi lizunguke.

Tairi lenye kashata kubwa (vinundu vya mpira vinavyochomoza), lile la njia za udongo, halifai kabisa. Kila kashata hugonga rola kwa zamu yake, na matokeo yake ni kelele na mtetemo unaosikika hadi chumba cha pili. Mzigo wote hubebwa na vichwa vichache vya mpira ambavyo hupinda, hupata moto na mwishowe hunyofoka. Trena inayopima nguvu za mwendeshaji nayo hutoa namba zinazorukaruka. Kinachotakiwa ni tairi laini lisilo na kashata.

Dhana: Trena ndiyo mahali pa kumalizia tairi kuukuu.

Hii ina ukweli nusu. Tairi la barabarani lililolika kidogo katikati linaweza kutumika, lakini likague kwanza: nyuzi zikianza kuonekana, ubavu ukiwa na nyufa au tairi likiwa na uvimbe, litupe. Vipande vya chupa vilivyojificha kwenye mpira vitoe kwa ncha ya bisibisi ndogo, maana rola itavisukuma ndani hadi vifike kwenye tyubu, na vitaikwaruza rola yenyewe. Fahamu pia kwamba tairi la mashindano lenye mpira usio mgumu huisha haraka kuliko yote. Ule unga mweusi unaojikusanya sakafuni chini ya trena ni tairi lako linalosagika.

Dhana: Tairi maalumu la trena ni ujanja wa wauzaji.

Hapana. Mpira wake ni mgumu zaidi na umeundwa kustahimili joto, kwa hiyo hulika polepole. Anayefanya mazoezi mara mojamoja kwa mwezi hana haja nalo. Tairi laini la kawaida linamtosha. Anayepanda trena mara kadhaa kwa wiki ataona tofauti. Ila asitarajie ukimya: kelele nyingi hutoka kwenye rola, mnyororo na sakafu.

Na lisitoke nje kamwe. Ugumu uleule unaolisaidia kwenye rola hulinyima mshiko barabarani, hasa kwenye kona na kwenye lami yenye maji. Ndiyo maana mengi hutengenezwa kwa rangi kali kama buluu au nyekundu, ili mtu asilisahau kwenye baiskeli. Njia bora ni kuwa na gurudumu la pili la nyuma lenye tairi hilo. Liwe na idadi ileile ya gia, na kama baiskeli ina breki za diski, diski iwe ya kipenyo kilekile. Ukibadilisha gurudumu, jaribu gia zote na uhakikishe diski haisuguani na breki.

Dhana: Tairi likiteleza, kaza rola zaidi.

Hili ndilo kosa linaloharibu matairi mengi. Kukaza kupita kiasi huzamisha rola kwenye mpira, joto hupanda, tyubu huweza kupasuka, na mwendeshaji huhisi uzito ambao si wa mazoezi. Rola ikilegea nayo, tairi huteleza unapokanyaga kwa nguvu, harufu ya mpira ulioungua husikika na sehemu moja husagika kuwa bapa. Fuata mpangilio huu kabla ya kugusa skrubu ya kukazia:

1. Futa tairi na rola kwa kitambaa chenye spiriti. Tairi jipya huwa na utando wa kiwandani unaoteleza, na la zamani hurukiwa na mafuta ya mnyororo.
2. Jaza upepo. Kwa tairi la milimita 23 hadi 25, presha ya psi 100 hivi (karibu bar 7) hutosha. Usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala kile cha ringi. Ringi zisizo na ndoano ukingoni (mkunjo unaoshika tairi) huishia bar 5.
3. Sogeza rola hadi iguse tairi, kisha ongeza mizunguko miwili au mitatu ya skrubu, au kama kitabu cha trena kinavyoelekeza.
4. Gurudumu likiwa limesimama, shika rola kwa mkono mmoja na uvute tairi kwa mwingine. Likiteleza, ongeza nusu mzunguko na ujaribu tena.
5. Endesha dakika 10 ndipo usawazishe vipimo vya trena, kwa sababu tairi likipata joto presha hupanda na ukinzani hubadilika.

Pima upepo kila kipindi. Tyubu za lateksi huvuja haraka, kwa hiyo za butili zinafaa zaidi hapa. Ukimaliza, legeza rola ili isiache alama kwenye tairi.

Dhana: Tairi pana lenye upepo kidogo lina starehe zaidi.

Ndani hakuna mashimo ya kukwepa. Tairi legevu huzama zaidi kwenye rola, na joto huongezeka.

Dhana: Tairi la 700C (saizi ya baiskeli za barabarani) haliingii kwenye ringi ya inchi 29.

Kipenyo cha saizi hizo mbili ni kimoja, milimita 622. Saizi zinazotofautiana ni inchi 27.5, yenye milimita 584, na inchi 26 ya baiskeli za milimani, yenye milimita 559. Kinachokwamisha ni upana. Ringi yenye milimita 30 kwa ndani ni pana mno kwa tairi la milimita 25, hivyo tafuta tairi laini lenye upana unaokubalika kwa ringi hiyo.

Dhana: Kila aina ya trena inahitaji tairi maalumu.

Trena ambayo gurudumu la nyuma hutolewa na mnyororo kukaa moja kwa moja kwenye gia zake haihitaji tairi lolote. Rola tatu za kuendeshea kwa kujisawazisha hutaka matairi laini ya kawaida, mbele na nyuma, kwa kuwa hapo mshiko ndio unaokuzuia kuanguka. Kwenye trena ya kubana, tairi la mbele libaki lilivyo. Liwekee kitegemeo tu ili baiskeli isiinamie mbele.