Kabla mtu hajatoka mlangoni: hesabu ya kuhamisha watu Dodoma

Nikisema kazi yangu ni kukokotoa namna ya kuhamisha watu wakati wa maafa, swali ninaloulizwa kwanza huwa la barabara. Je, barabara ya Iringa itatosha? Barabara ya mzunguko ikikamilika mambo yatakuwa mepesi? Magari yatapita? Ni maswali ya haki, nami nilianzia hukohuko. Lakini kwa jinsi ninavyoijua Dodoma sasa, barabara naiweka mwisho kwenye orodha. Kinachoamua zaidi nani atapona ni muda unaopita tangu onyo litolewe hadi mtu atoke mlangoni kwake, na muda huo lami haiupunguzi.

Niieleze kwanza modeli yenyewe, yaani hesabu ya kukadiria watu na magari watakavyosafiri, maana wengi huisikia tu mikutanoni. Kijana anayeingia katika fani hii huanza kwa kukaa njia panda na karatasi, anahesabu: daladala, lori, bajaji, bodaboda, gari dogo. Hesabu hizo huingizwa kwenye kinachoitwa modeli ya hatua nne, ambayo ilipata umbo lake Marekani katika miaka ya 1950, wakati miji kama Detroit na Chicago ilipokuwa ikipanga barabara zake kuu. Unakadiria safari ngapi zinaanzia kila mtaa, kisha zinaelekea wapi, kisha watu watatumia chombo gani, na mwishoni watapita njia ipi. Hatua hiyo ya mwisho inasimama juu ya wazo lililoandikwa mwaka 1952 na Mwingereza John Glen Wardrop: kila msafiri hutafuta njia itakayomchukua muda mfupi, hadi inafika mahali ambapo njia zote zinazotumika zinachukua muda uleule, na hakuna anayefaidika kwa kubadili.

Ipo pia kanuni ya Marekani ya mwaka 1964 ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi. Inasema magari yakifikia uwezo wa barabara, muda wa safari unaongezeka kwa asilimia 15 tu. Yakifika mara mbili ya uwezo huo, safari ya dakika 10 inakuwa ya dakika 34. Foleni haipandi taratibu, inaruka. Anayeendesha gari kutoka Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, kurudi mjini jioni hahitaji kanuni kulijua hilo.

Tatizo ni kwamba usawa wa Wardrop hujengwa na mazoea. Dereva wa daladala anaijua njia ya mkato kwa sababu amepita jana, juzi na siku za kabla yake. Maafa hayana jana. Hakuna aliyeyafanyia mazoezi, kila mtu anaamua kwa habari nusu, na wote wanaamua kwa pamoja. Ukichukua modeli ya siku ya kawaida ukaizidishia magari, utapata majibu yenye sura nzuri yasiyo na mtu ndani yake.

Wenzetu wa Marekani walilipa gharama kubwa kulijua hili. Septemba 2005 kimbunga Rita kilipoelekea Texas, zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu kimbunga Katrina kiiangamize New Orleans, na hofu ilikuwa juu. Watu zaidi ya milioni mbili waliingia barabarani, wakiwamo wengi ambao hawakuambiwa waondoke. Magari yaliishiwa mafuta kwenye foleni, joto likawa kali, na basi lililobeba wazee likateketea karibu na Dallas, wakafa 23. Katika vifo zaidi ya 100 vilivyohusishwa na kimbunga kile, vingi vilitokea kwenye safari ya kukikimbia. New Orleans ilikuwa kinyume chake: wenye magari waliondoka, wasio nayo wakabaki na maji. Na mwaka 1979, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kilipopata hitilafu, ushauri wa kuondoka uliwahusu wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya kilomita nane hivi. Waliohama walizidi 100,000.

Lakini kwangu mfano mkubwa zaidi upo hapahapa nchini. Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, ilikuwa mchana wa siku ya kazi: watoto shuleni, wazazi kwenye shughuli. Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto, usiku. Mara zote mbili watu walikimbia kwa miguu, na habari iliyotawala siku zilizofuata ilikuwa ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Kwenye karatasi ya mhandisi, mtu akiona hatari huchora mstari ulionyooka kutoka alipo hadi mahali salama. Mzazi hachori mstari huo. Anakwenda kwanza shuleni, hata kama shule iko upande wa moshi.

Sasa iweke Dodoma kwenye picha hiyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini; ile ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, maofisi baadaye yakaenda Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, huku shule za watoto wa watumishi wengi zikibaki Kisasa, Ipagala, Area C na kwingineko. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, familia moja inaweza kuwa imegawanyika sehemu tatu juu ya barabara ileile ya Dar es Salaam. Mvua kubwa ikishuka kutoka vilima vya Ntyuka na makorongo yakajaa, wimbi la kwanza la magari halitatoka nje ya mji. Litaingia.

Makorongo ya mjini yanakupa dakika tu. Bahi, wilaya iliyo magharibi ya mji, ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Mto Bubu unashuka kutoka nyanda za juu za kaskazini, unapita Kondoa, unaishia kwenye bwawa la Bahi, bonde lisilo na njia ya maji kutokea kwenda baharini. Mvua inaweza kunyesha mbali huko wakati Bahi jua linawaka. Kwa hesabu za hatari hiyo ni bahati: onyo linaweza kutangulia maji kwa muda wa kutosha. Mlima Hanang haukutoa nafasi hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka Katesh alfajiri, wakafa watu zaidi ya 80, na hakuna modeli ya barabara ambayo ingewasaidia. Pale kinachookoa ni kujua mapema nyumba zimejengwa wapi.

Kwa Bahi, tuseme kitongoji kina watu 12,000 na njia pekee ya kutokea ni kivuko, yaani daraja dogo la waenda kwa miguu, cha upana wa mita tatu. Watembea kwa miguu wenye watoto na mizigo, kwa kadirio la tahadhari, hupita mtu mmoja kwa kila mita ya upana kwa sekunde. Ni watu watatu kwa sekunde, 10,800 kwa saa. Wote wakitoka kwa pamoja watakuwa wamevuka katika saa moja na dakika chache. Lakini hawatoki pamoja. Wakijitawanya sawasawa ndani ya saa nne, kivuko kinapitisha 3,000 kwa saa, hata theluthi ya uwezo wake hakifiki. Panua kivuko mara mbili, mara tatu, jibu linabaki saa nne. Fedha za zege zimeenda, na wa mwisho kutoka anatoka saa ileile.

Kwa hiyo dodoso langu siku hizi halianzi na "utapita njia gani". Linaanza na "utampigia nani kwanza". Wengi hawaondoki kwa onyo la kwanza: wanapiga simu kwa ndugu aliye upande wa juu wa mto, wanamtazama jirani, wanasubiri mwenyekiti wa kitongoji aseme mwenyewe. Tangazo la redio wanalisikia, wanalithamini, na wanabaki palepale. Halafu kuna ng'ombe. Mzee mmoja wa Bahi alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza maelezo yangu ya mishale kwenye ramani, akasema, "Mwanangu, hiyo mishale ni ya watu. Ng'ombe wanapita wapi?" Kwa Mgogo mwenye zizi, swali hilo linatangulia mengine yote. Usipompa sehemu ya juu ya kupeleka mifugo, atabaki nayo hadi maji yamfike magotini, na vijana wake watabaki naye. Nimeingiza mifugo kwenye modeli kama wasafiri kamili, wenye mwendo wao na upana wao wa njia. Baadhi ya wenzangu huona ni kichekesho. Wacha waone.

Kiufundi, nimeiacha modeli ya hatua nne kwa kazi hii. Natumia modeli ambazo kila mtu anawakilishwa peke yake ndani ya kompyuta, na familia yake, simu yake, na kazi anazotaka kumaliza kabla ya kuondoka. Zinadai data nyingi. Dar es Salaam ilipiga hatua kubwa kuanzia 2015 kupitia Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa yao ya mafuriko kwenye ramani iliyo wazi kwa wote. Vijijini kwetu njia za miguu nyingi hazimo kwenye ramani yoyote, hivyo tunazitembea na simu mkononi, tukiongozwa na wachungaji wa mifugo, ambao hawakosei.

Kuhusu treni nitasema kidogo tu, kwa kuwa naulizwa sana tangu reli mpya ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024. Ni chombo kizuri cha kupeleka misaada na kuwatoa watu baada ya hatari kupita. Kama tegemeo la saa za kwanza, hapana. Na reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe ina historia ndefu ya kukatwa na mafuriko msimu uleule ambao ungeihitaji.

Kinachonisumbua kwa sasa ni bodaboda. Kwenye modeli za mwanzo za mkoa huu nilimpa kila dereva safari za kwenda na kurudi, abiria baada ya abiria, kama anavyofanya siku ya mnada. Kwa namba hizo wazee na wagonjwa wote walitoka mapema. Nilipokaa vijiweni kuwauliza madereva wenyewe, karibu wote walisema watabeba mama, mke na watoto, kisha pikipiki itabaki hukohuko juu. Siwezi kuwalaumu. Nimebadilisha: safari moja, ya familia yake. Matokeo yake kuna kundi la watu kila kitongoji ambalo halina wa kulibeba, na njia pekee ninayoiona ni mwenyekiti kuwa na majina yao mapema, kila jina na kijana aliyekubali mbele ya mashahidi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo mahali pa kuyaweka majina hayo papo. Tumeanza kuyaandika kwenye daftari la kawaida, la kurasa mia mbili.