Kuteremka na nyutro hakuokoi mafuta

Dereva mgeni akianza tu safari ndefu, kwa mfano kutoka Dodoma kwenda Singida na kuendelea hadi mteremko mkali wa Sekenke, lazima atapata mtu wa kumshauri: "Ukifika mteremkoni weka nyutro, yaani toa gia, gari liserereke, uokoe mafuta." Wengi tumeambiwa hivyo na watu tunaowaheshimu.

Zamani, enzi za kabureta, kifaa kilichochanganya mafuta na hewa bila kompyuta, ushauri huo ulikuwa na ukweli kidogo. Magari mengi ya leo yana mfumo wa kompyuta unaopima mafuta. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inabidi ijiendeshe yenyewe isizime, kwa hiyo inakunywa.

Lakini mafuta ni jambo dogo. Ndani ya nyutro injini haikusaidii tena kuzuia mwendo, mzigo wote unaangukia breki. Ukizikanyaga mfululizo, pedi zinapata moto na kuanza kunuka kama kitu kinachoungua. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama mguuni kama sponji. Hapo mbele yako kuna kona, na nyuma labda lori.

Shika gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ya pili au ya tatu. Kwenye otomatiki, tafuta L au 2. Injini itanguruma kidogo. Usiogope, ndiyo inakushikia gari.