Je, mcheza futiboli wa Australia anamshinda Bolt?

Kabla klabu za AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia (si soka: mpira wake hushikwa mikononi na kupigwa kwa miguu), hazijachagua vijana wapya, vijana hao hupimwa kwanza: wanarukishwa, wanakimbizwa, wanashikiwa saa. Kipimo ambacho mashabiki hawachoki kukibishania ni mbio za mita 20. Joel Wilkinson, kijana ambaye baba yake ni Mnigeria na ambaye baadaye aliichezea klabu ya Gold Coast Suns, aliandikiwa sekunde 2.75, na muda huo ulikaa miaka mingi ukiwa rekodi.

"Kwa mita 20 za mwanzo, Bolt angeachwa"

Dhana hii ina takwimu zake, ndiyo maana haifi. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alizipita mita 20 kwa sekunde zinazokaribia 2.9. Kwa hesabu ya harakaharaka, Wilkinson yuko mbele.

Ila saa hizo mbili hazikuanza mahali pamoja. Ya Bolt ilianza bastola ilipolia, yeye akiwa bado ameinama kwenye vibao vya kuanzia, sekunde 0.146 zilikwisha kabla hajaanza kusukuma. Kwenye kipimo cha AFL hakuna bastola. Kijana anasimama, anajipanga, anaondoka anapotaka mwenyewe, na saa inaanza mwili wake unapokata mwale wa mwanga, yaani akiwa ameshaanza kwenda. Mtolee Bolt ile 0.146 na wawili hao wanakuwa karibu sawa, nawe bado hujagusa faida ya huo mwale.

Isitoshe, kwenye mita 20 Bolt ndiyo kwanza anapasha moto. Kasi yake ya juu, kilomita 44 na ushee kwa saa, aliifikia baada ya kuvuka mita 60. Wachezaji wa AFL huvaa vifaa vya GPS mgongoni wakiwa uwanjani, na anayevuka kilomita 35 kwa saa anahesabiwa kuwa ana mbio kwelikweli. Hapo ubishi umekwisha.

"Mwenye mbio kuliko wote ndiye nyota"

Wilkinson huyohuyo alicheza mechi 26 tu, kati ya 2011 na 2013. Uwanja wa MCG wa Melbourne una urefu wa mita 160 hivi, kila timu ina watu 18, na mchezaji wa kati hukimbia kilomita 12 au zaidi kwa mechi moja. Mbio za mara moja hazimfikishi mbali. Anatakiwa kuchomoka, kupumua kidogo, kisha kuchomoka tena, robo nne nzima.

Halafu kuna sheria ya kudundisha. Ukikimbia na mpira, kila mita 15 lazima uudundishe au uugusishe chini, na mpira wenyewe una umbo la yai. Anayeona ni rahisi ajaribu kudundisha papai akiwa mbioni.

"Wenye asili ya Afrika wanachukuliwa kwa ajili ya mbio"

Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Ni beki. Sifa yake ni kuusoma mpira mapema na kuudaka juu ya vichwa vya wenzake, na kwa hilo akaingia kikosi bora cha ligi cha mwaka 2021 akiwa klabu ya Port Adelaide. Kwa upande mwingine, mtu aliyetoka hasa kwenye riadha ni Mark Blicavs, Mzungu wa jimbo la Victoria, Australia. Alikuwa akiwania Olimpiki katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Wakenya wamezigeuza shamba la urithi. Aliacha, akaenda klabu ya Geelong, akabeba ubingwa mwaka 2022.

"Mshindi wa Stawell ndiye mwenye kasi kuliko wote"

Si lazima. Mbio hizi za mita 120 kwenye nyasi, zinazofanyika mjini Stawell, Victoria, wakati wa Pasaka tangu 1878, huwapa wanyonge mita kadhaa za mbele. Ndiyo maana anayeshinda akitokea mstari wa nyuma kabisa hasahauliki. Mmoja wao ni jirani yetu wa Bahari ya Hindi, Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagascar, mwaka 1975.

Mimi nikitaka kumwonyesha mtu kasi ya mchezo huu, simpi saa. Namwonyesha fainali ya 2012, Sydney na Hawthorn. Lewis Jetta wa Sydney anachomoka na mpira pembeni, Cyril Rioli wa Hawthorn nyuma yake, naye si mtu wa kuachwa ovyo. Jetta inambidi adundishe. Rioli mikono yake mitupu. Anadundisha, anakimbia, anadundisha tena, anapiga. Rioli hakumfikia, na Sydney wakashinda kwa pointi 10.