Makubaliano kwanza, mashine ya kura baadaye

Tarehe 30 Desemba 2018, mpiga kura wa Kinshasa au Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuta kioo cha kugusa nyuma ya kizuizi cha kadibodi. Akaingiza karatasi ya kura, akagusa picha ya mgombea wake, karatasi ikatoka imechapwa, akaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Hesabu rasmi ilikuwa ya karatasi hizo, kwa mkono. Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaamini mpaka leo kwamba mashine ndizo zilizohesabu kura za Kongo.

Tume ya uchaguzi, CENI, chini ya Corneille Nangaa, ilikuwa na hoja. Mwaka 2011 wagombea ubunge wa Kinshasa walikuwa wengi mno, karatasi ya kura ikawa nene kama gazeti. Mashine ingeondoa mzigo huo. Lakini ziliagizwa Korea Kusini, kampuni ya Miru Systems, kabla wapinzani hawajaridhia. Kwa Kifaransa kupiga kura na kuiba ni maneno yanayotofautiana kwa herufi moja tu, basi jina la kejeli likapatikana hapo hapo: mashine ya kuibia. Martin Fayulu, mgombea urais wa upinzani, aliikataa. Félix Tshisekedi, mgombea mwingine wa upinzani, alisema ataingia uchaguzini iwepo, isiwepo. Tarehe 13 Desemba ghala la tume jijini Kinshasa likaungua, mashine zipatazo 8,000 zikateketea, na uchaguzi uliopangwa tarehe 23 ukasogezwa kwa wiki moja.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa ilikuwa muda. Miezi ilipita watu wakibishana juu ya kioo, na swali zito zaidi likakosa nafasi: kura zikishahesabiwa kituoni, takwimu zinakwenda wapi, na nani anaziona?

Maaskofu Katoliki walikuwa na waangalizi 40,000. Walisema takwimu walizokusanya zinamwonyesha mshindi, bila kumtaja. Tarehe 10 Januari 2019 CENI ikamtangaza Tshisekedi mshindi wa urais kwa asilimia 38.57, Fayulu akipewa karibu 35. Matokeo ya kituo kwa kituo hayakuchapishwa. Shaka iliyobaki haikutoka kwenye kioo, ilitoka hapo.

Kenya ilipita njia ngumu ikajifunza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na mojawapo ya sababu ni jinsi matokeo yalivyotumwa. Tume ilikuwa imeamriwa kufungua seva zake zikaguliwe, isitii kikamilifu. Mwaka 2022 Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, mwananchi yeyote akaweza kuzijumlisha mwenyewe. Mzozo ulifika mahakamani tena, lakini safari hii kila upande ulikuwa na fomu zile zile mkononi.

Ndiyo maana tunaziomba tume na vyama vikae mezani kabla ya zabuni kutangazwa. Waandike nani atakagua programu na lini, nani atashika funguo za ghala, na matokeo ya kila kituo yatawekwa hadharani ndani ya saa ngapi. Wakala wa chama atakayetoka kituoni usiku na nakala ya fomu mfukoni awe na kitu cha kuilinganisha nacho.