Kituo cha utafiti wa dini na amani chuoni, hicho ni kitu gani haswa?

Wiki iliyopita binamu yangu alirusha kwa grupu ya familia tangazo la chuo fulani, kituo cha utafiti wa dini, amani na mambo ya kimataifa kinatafuta watafiti wasaidizi, akasema ameshaaplai. Shosho, ambaye siku hizi anasoma kila kitu kwa simu bila miwani, akajibu kwa voisi: sasa utarudi na kola ama utarudi na kanzu? Tukacheka sana, halafu nikagundua hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Mimi niliwahi kufanyia watu wa aina hiyo kibarua cha kuandika mahojiano kutoka kwa rekodi, kwa hivyo wacha nijaribu.

Seminari inakutengeneza uwe padri, madrasa inakufunza dini yako. Hapa hakuna anayekufunza kuamini chochote. Wanaiangalia dini vile mtu wa uchumi anaangalia bei ya unga, yaani yeye haulizi kama ugali ni mtamu, anauliza unga ukipanda nani analala njaa na nani anatoka barabarani. Imamu akisema jambo Ijumaa, watu wanafanya nini Jumamosi? Askofu akimpigia waziri usiku, mbona simu inashikwa? Unaweza kuwa muumini kabisa ukafanya hiyo kazi, unaweza pia kuwa huamini kitu, na nimewaona wote wawili kwa meza moja wakibishana kuhusu chai tu.

Na hapa kwetu hayo si maswali ya kupoteza muda. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na karibu 11 ni Waislamu, so ukichora ramani ya siasa ya Kenya ukaacha kanisa na msikiti nje, ramani yako haina watu.

Sasa hilo neno amani. Kusema ukweli sisi tumelichosha, kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa tudumishe amani na mara nyingi maana yake ni nyamaza uende nyumbani. Wanaolisomea wanalikata mara mbili, na hiyo wameitoa kwa Mnorwei mmoja Johan Galtung aliyeandika mambo haya miaka ya 1960: kuna amani hasi, yaani hakuna anayepigwa risasi leo, na kuna amani chanya, yaani hata zile sababu za kupigana zimeshughulikiwa, ardhi, maji, kazi, nani anaitwa mgeni kwa nchi yake. Mtaa unaweza kukaa kimya miaka mitano ukiwa na ile ya kwanza peke yake.

Hapo kwa mambo ya kimataifa ndipo watu wengi hupotea, wanauliza padri na ubalozi vinakutana wapi. Vinakutana sana. Chukua Msumbiji. Vita vya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO vilikula kama miaka 15 hivi, na mkataba wa kuvimaliza ulisainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992 baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka miwili yaliyofanyika kwa Jumuiya ya Sant'Egidio, kundi la waumini wa kawaida wa Kikatoliki, hawana jeshi, hawana mafuta, hawana kiti Umoja wa Mataifa. Serikali yenyewe ilikuwa imeanza ikijiita ya Kimarx, yaani ya watu ambao kwa kawaida hawana haja na dini. Kwa nini pande zote mbili zikubali kukaa hapo? Kwa mtafiti hilo swali ni dhahabu, kwa sababu jibu haliwezi kuwa "waliomba sana" na haliwezi pia kuwa "ilikuwa bahati".

Au chukua ya karibu zaidi. Ukipita Waiyaki Way pale Westlands utaona ofisi za Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, wengi wetu tunazijua kama stej tu. Hilo baraza pamoja na lile la makanisa la dunia ndio walisukuma mazungumzo ya Sudan, katibu wao mkuu Burgess Carr, Mliberia, ndiye alikuwa msimamizi wa kikao, na 1972 ukasainiwa mkataba wa Addis Ababa uliosimamisha vita kati ya Khartoum na kusini. Ulishika kama miaka 11. Halafu 1983 rais wa Sudan, Nimeiri, akaivunja serikali ya kusini na akatangaza sheria za Kiislamu nchi nzima, vita vikarudi, na safari hii vikakaa zaidi ya miaka 20. Yaani kwa hadithi moja dini imeingia ikiwa mpatanishi, ikarudi ikiwa sababu mojawapo ya kuvunja, na katikati kuna mafuta, mipaka na askari walioasi Bor, mji wa kule kusini. Kazi ya kituo ni kutenganisha hizo nyuzi, nini ilifanywa na dini na nini ilijificha tu nyuma ya dini.

Kwetu hapa hadithi kama hizo zipo hivyo hivyo. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 90 koo zilikuwa zinauana na wote ni Waislamu, so huwezi kuiita vita vya dini, lakini wanawake walioanza kutuliza mambo kutoka sokoni, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walitumia lugha ya dini kuwafikia wazee. Dekha alikuja kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Kisha geuza shilingi: Januari 1, 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa kule Eldoret walichomewa humo ndani, na Februari viongozi wa NCCK, baraza la makanisa la Kenya, wakatoka hadharani wakaomba msamaha kwamba wao pia walikuwa wamegawanyika kwa kufuata vyama. Kituo kinachokuonyesha Wajir bila Kiambaa kinafanya matangazo, hakifanyi utafiti.

Vyuo vyenye vituo kama hivi si vingi sana. Kule Marekani kinachotajwa sana ni Berkley Center cha Georgetown, chuo cha Wajesuti (shirika la mapadri wa Kikatoliki) pale Washington, kilianza 2006, na kabla yake kulikuwa na Kroc cha chuo cha Notre Dame, cha 1986, ambacho pesa yake ilitoka kwa Joan Kroc, mjane wa yule wa McDonald's, kwa hivyo ndiyo, baga zimesomesha watu amani. Nairobi tuko na chuo cha Hekima kule Ngong Road, nao Wajesuti, taasisi yao ya amani na uhusiano wa kimataifa ilianza 2004.

Kazi ya kila siku haina drama. Mahojiano, mahojiano, mahojiano. Kutafsiri. Kuhesabu ni zahanati na shule ngapi kwa kaunti ziko chini ya kanisa au msikiti. Kuandika ripoti, kuita mabalozi na mashehe kwa semina moja yenye samosa. Kwenye zile rekodi zangu kuna mzee alikatiza swali akasema, nyinyi si mlikuja mwaka jana, ile karatasi mliandika iko wapi? Mtafiti akakohoa. Hiyo sehemu niliiandika neno kwa neno, lakini kwa ripoti ya mwisho sikuiona, na ndiyo lalamiko langu kubwa na hii fani, wanaohojiwa ndio wa mwisho kusoma. Swali lingine la kuuliza kabla hujajiunga popote ni kama kituo kimewahi kuchapisha kitu ambacho mfadhili wake, au kanisa lenye chuo, hakukipenda.

Kwa utafiti wake, binamu yangu amechagua yale mabasi yaliyoshambuliwa na al-Shabaab kule Mandera. Novemba 2014 abiria walitenganishwa kwa dini na watu 28 wakauawa. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, kina mama wakawavisha wenzao hijabu, na mwalimu Salah Farah aliyepigwa risasi siku hiyo akafariki Januari. Anataka kujua nini kilibadilika kati ya hayo mabasi mawili, kwa mahubiri, kwa stejini, kwa nyumba za watu.

Shosho nimemweleza hivi hivi kwa ufupi. Sasa anauliza kama hiyo kazi iko na mshahara, na hapo nimemwachia binamu ajibu mwenyewe.