Maana ya mandhari katika reli ya mfano, na mahali pa kuanzia kwa anayejifunza

Mandhari ya reli ya mfano ni kila kitu kinachoonekana kwenye meza ya treni ndogo isipokuwa treni zenyewe na reli zake: ardhi, miamba, mimea, maji, barabara, majengo, watu, na anga iliyochorwa kwa nyuma. Fasili hii ni sahihi, lakini haimsaidii sana anayeanza, kwa kuwa humfanya aione mandhari kama vitu vya kununua na kupanga juu ya ubao. Inayofaa zaidi ni hii: mandhari ni ardhi iliyokuwapo kabla ya reli kufika, ambayo wajenzi wa reli walilazimika kuikata, kuijaza, kuizunguka au kuivuka. Mtu akiishika fasili hiyo ya pili, maswali mengi ya mahali pa kuweka kilima, mto au daraja hujijibu kabla chupa ya gundi haijafunguliwa.

Sababu yake imo katika namna reli halisi inavyofanya kazi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo, na ndiyo maana treni huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo kwenye tambarare, lakini hushindwa upesi kwenye mwinuko; njia kuu nyingi hujitahidi mwinuko wake usizidi takriban asilimia 2, yaani kupanda mita 2 kwa kila mita 100. Kwa hiyo mhandisi hukata kilima, hujaza bonde kwa tuta, na hutoboa handaki pale tu ambapo kukata au kuzunguka kungegharimu zaidi. Kila handaki, daraja na tuta vina sababu inayoonekana kwa macho, na mtazamaji huihisi sababu hiyo hata kama hajawahi kusoma uhandisi. Meza nyingi za wanaoanza hukosea hapa: ubao bapa, reli ya duara, kisha kilima kimoja kimewekwa juu ya kona kama kofia iliyosahaulika, chenye mlango wa handaki kila upande, ilhali pembeni yake kuna uwanja mtupu ambao treni ingepita bila taabu yoyote. Rangi nzuri na miti ya bei kubwa haviwezi kukiokoa kilima hicho. Kingeaminika kama kingeendelea hadi ukingo wa ubao na kukatwa hapo, ili jicho lidhani kwamba kinaendelea mbali zaidi.

Dawa moja inazishinda nyingine zote, nayo ni kuhakikisha kwamba ardhi inashuka chini ya usawa wa reli na si kupanda juu yake tu. Ukitandika tabaka la povu gumu, yaani ubao mwepesi wa plastiki yenye vijitundu vya hewa, lenye unene wa sentimita 5 au zaidi kabla ya kulaza reli, unaweza baadaye kuchimba bonde, mtaro au kitanda cha kijito, na reli ikabaki juu ya tuta lake. Mitaro miwili ya kando na kalvati ndogo inayopitisha maji chini ya tuta ni kazi ya jioni moja, lakini huigeuza njia iliyolazwa juu ya ubao ikaonekana njia iliyojengwa kwenye nchi yenye mvua na mteremko.

Baada ya ardhi huja skeli, yaani uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake. Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, ambayo ni 1:87. Upana kati ya reli zake ni milimita 16.5, kwa kuwa njia halisi yenye upana wa kawaida wa milimita 1,435 ikigawanywa kwa 87 hutoa karibu kiasi hicho. Skeli ya N ni 1:160 katika nchi nyingi, na njia yake ina upana wa milimita 9. Ndogo kuliko hiyo ni Z ya 1:220, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972. Uingereza hutumia sana OO, ambayo ni takriban 1:76 lakini hutembea kwenye reli zilezile za HO, na hivyo njia yake huonekana nyembamba kidogo kuliko inavyostahili. Anayeanza achague skeli moja na asiichanganye, kwa sababu mtu mwenye urefu wa mita 1.75 ana milimita 20 katika HO lakini milimita 11 tu katika N, na wawili hao wakisimama kwenye stesheni moja uongo wote hufichuka.

Skeli hiyo hiyo huleta tatizo ambalo haliwezi kutatuliwa kwa uaminifu kamili. Kilomita moja ya HO ingehitaji mita 11.5 za chumba, na mti wa mita 20 ungekuwa na sentimita 23, urefu ambao wajenzi wengi hawathubutu kuuweka, kwa hiyo karibu miti yote ya reli za mfano ni mifupi mno. Lazima kitu kifupishwe. Kanuni ninayoiona kuwa salama ni kwamba umbali, milima, urefu wa majengo makubwa na upana wa mito vinaweza kupunguzwa, ila vitu ambavyo jicho linavijua kwa ukubwa wake, kama vile milango, ngazi, uzio, watu na magari, vibaki katika vipimo vyake. Ila nyuma kabisa ya meza, na hapo tu, mtu anaweza kupanga nyumba na miti ya skeli ndogo zaidi ili umbali uonekane mkubwa, mradi visiwe karibu na vile vya mbele.

Wapo waliolifikisha jambo hili mbali. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, alijenga reli ya HO aliyoiita Gorre & Daphetid, yenye milima iliyopanda kutoka sakafuni na vioo vilivyofichwa ili kurefusha mandhari; alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipaka treni na majengo uchakavu, masizi na kutu kwa makusudi. Alifariki mwaka 1973, na muda mfupi baadaye kazi yake iliteketea kwa moto. Nchini Uingereza, Roye England aliyetoka Australia aliona nyumba za kale za vijijini zikibadilishwa na kupotea, akaanza kuzitengenezea mifano. Kazi hiyo ikazaa jumba la makumbusho la Pendon huko Long Wittenham, ambako bonde la White Horse la kati ya vita viwili vya dunia limejengwa upya nyumba kwa nyumba na bustani kwa bustani. Kwao wote wawili treni hupita ndani ya nchi. Haizunguki juu ya pambo.

Tukirudi mezani, ardhi yenyewe hujengwa kwa njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kupanga matabaka ya povu gumu, kuyachonga kwa kisu kirefu na kuyasugua kwa msasa. Tahadhari yake ni kwamba gundi zenye viyeyusho na baadhi ya rangi za kupuliza huliyeyusha povu hilo papo hapo. Ya pili ni kufuma wavu wa vipande vya kadibodi, kisha kuufunika kwa bendeji zenye plasta (unga wa jasi) zilizochovywa majini, ambazo huanza kukauka ndani ya dakika chache na kuacha ganda jepesi. Vyovyote iwavyo, ganda lipakwe rangi ya udongo mara likaukapo, ili kilichobandikwa juu yake kikija kubanduka siku moja pasionekane doa jeupe. Rangi hiyo iwe hafifu kuliko unavyodhani: udongo mkavu juani ni mweupe-mweupe na wa kijivu, si kahawia iliyokolea. Miamba humiminwa kwa plasta katika kalibu za mpira, yaani vyombo vinavyoipa plasta umbo la mwamba, hubandikwa mahali pake, kisha hupakwa rangi nyepesi zilizochanganywa na maji mengi, moja baada ya nyingine, hadi rangi nyeusi ya mwisho ijikusanye kwenye nyufa. Jambo linalosahaulika ni mwelekeo wa matabaka: mwamba wa upande mmoja wa mkato na ule wa upande wa pili ni mwamba mmoja uliopasuliwa na wajenzi, basi mistari yake haina budi kuinama kwa namna moja.

Rangi ndiyo inayotenganisha kazi ya mtoto na kazi ya mtu mzima, na hoja yake ni ya hesabu. Mtu anayetazama reli ya HO akiwa umbali wa sentimita 60 ni kama anaitazama nchi halisi kutoka umbali wa mita 52. Kwa umbali huo rangi huonekana zimefifia kidogo, mng'ao umepotea, na hakuna anayeliona jani moja moja. Kwa hiyo kijani kibichi cha kwenye kopo ni kikali mno. Kinatakiwa kichanganywe na manjano, kijivu na kahawia. Nyuso zote isipokuwa maji na vioo zifishwe mng'ao kwa vanishi isiyong'aa. Rangi ijaribiwe chini ya taa ileile itakayomulika meza, kwani mchanganyiko uliopendeza dirishani hubadilika kabisa usiku. Kwa sababu hiyohiyo, anga na vilima vilivyochorwa nyuma viwe vyepesi na vya buluu zaidi kadiri vinavyokwenda mbali, na ubao wa anga upinde kwenye kona badala ya kukutana kwa pembe.

Zamani nyasi zilikuwa vumbi la mbao lililotiwa rangi, na vichaka vilikuwa kuvumwani, yaani uoto mkavu wa juu ya miamba na magome ya miti. Siku hizi msingi ni sponji iliyosagwa na nyuzi fupi za nailoni zinazosimamishwa kwa umeme tuli. Kifaa chake huzipa nyuzi chaji, waya wa pili huchomekwa kwenye gundi mbichi iliyopakwa juu ya ardhi, na nyuzi huruka na kutua zikiwa wima. Siri ni kufanya eneo dogo dogo, gundi isiwahi kukauka, kuanza na nyuzi za milimita 2, kisha kuongeza za milimita 4 na 6 kwa mabaka. Zilizobaki huvutwa kwa kifyonza vumbi kilichovikwa soksi nyembamba mdomoni, zikatumika tena. Usizitandike kama zulia. Nyasi hukosekana panapokanyagwa, hudhoofika chini ya miti, hustawi mtaroni, na karibu na reli mara nyingi zimeuawa kwa dawa. Ukizipa nyasi sababu kama ulivyoipa ardhi, mabaka hayo hujipanga yenyewe.

Kokoto za njia huwatisha wengi kuliko inavyopaswa. Kokoto halisi zina ukubwa wa sentimita 3 hadi 6 hivi, maana yake katika HO hazifiki hata milimita moja, na nyingi zinazouzwa ni kubwa mno. Pande za reli zipakwe kwanza rangi ya kutu. Kisha kokoto zimwagwe zikiwa kavu na zisawazishwe kwa brashi laini hadi uso wa mataruma, yaani magogo yanayobeba reli, uonekane. Hapo zipuliziwe ukungu wa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, na mara moja zidondoshewe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sabuni si hiari: bila hiyo tone la gundi hujikunja kama shanga na kubeba kokoto badala ya kupenya kati yake. Mahali reli zinapogawanyika, gundi ikifika kwenye sehemu zinazosogea zitanata, basi hapo kokoto ziwe chache na gundi iwekwe kwa ncha ya kijiti.

Kuhusu maji, resini ya epoksi, yaani kimiminika kinachoganda kikawa angavu kama kioo, hutoa kina kizuri, lakini huvuja katika tundu dogo kuliko la sindano na hutakiwa kumiminwa kwa matabaka membamba. Mimi ningemshauri anayeanza achore kitanda cha mto, katikati pawe peusi na kingo ziwe na rangi ya tope, kisha apake vanishi inayong'aa mara kadhaa. Tofauti yake na resini wachache wataiona. Miti hutengenezwa kwa nyaya zilizosokotwa au vijiti vya mimea mikavu, ikabandikwa sponji. Michache mirefu hushinda msitu wa mifupi.

Kabla ya plasta yoyote, behewa refu kuliko yote lipitishwe kwenye kila handaki, mkato na jukwaa la stesheni, hasa kwenye kona, ambako katikati ya behewa huegemea ndani na ncha zake hutokeza nje. Kila handaki liachiwe mlango wa siri wa kuingizia mkono. Reli zifunikwe kwa utepe wa karatasi wakati wa kupaka na zifutwe mara baada ya kazi, kwani gundi kidogo juu ya chuma hukata umeme unaoendesha treni. Ubao wa kwanza usiwe meza nzima: sentimita 30 kwa 60 zenye kipande kimoja cha reli, tuta, mtaro, kalvati na mteremko mmoja zinatosha kupitia hatua zote hizi, na zikiharibika, povu na plasta ni vitu vya kubomolewa na kujengwa tena.