Je, wajua kwa nini mtu wa Kisumu na mtu wa Nakuru wanaweza kuamka na sala moja bila kupanga?

Dada yangu anaishi Nakuru, mimi niko Kisumu, na kila asubuhi kabla sijaenda stage tunatumiana sala fupi kwa WhatsApp, mistari miwili mitatu tu. Hatuambiani mapema tutaombea nini. Sasa siku moja yeye akaandika, "Bwana, nipe nguvu ya kupaza sauti hata wakininyamazisha," na mimi nilikua nishaandika, "Bwana, nataka nipate kuona." Kumbe sote tumetoka kwa Injili ya siku hiyo, ile ya Bartimayo, yule kipofu aliyekua ameketi kando ya njia pale Yeriko, Marko sura ya 10. Watu walimkemea anyamaze, yeye akazidi kupaza sauti.

Nani sasa anachagua hilo somo, na linageukaje sala?

Kwa sisi Wakatoliki, si padre wa parokia anayechagua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, uliagiza mwaka 1963 kwamba hazina za Biblia zifunguliwe waumini kwa wingi, ju zamani masomo ya Jumapili yalikua ya mwaka mmoja tu, yakiisha yanarudi yale yale. Mpangilio mpya ukatoka 1969. Jumapili zikapewa miaka mitatu, mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohana hana mwaka wake lakini utamsikia sana Kwaresima na Pasaka, alafu mwaka B anaingia katikati na ile sura ya 6 ya mkate wa uzima kwa sababu Marko ni mfupi. Ukitaka kujua mko mwaka gani gawanya namba ya mwaka kwa 3, ikigawanyika bila kubaki kitu ni C, kwa hivyo 2025 ni C na 2026 ni A, ila kumbuka mwaka wa Kanisa unaanza Majilio, zile wiki za kabla ya Krismasi, sio Januari. Siku za wiki katika kipindi cha kawaida, yaani nje ya Majilio, Krismasi, Kwaresima na Pasaka, somo la kwanza linazunguka miaka miwili, Injili inarudi kila mwaka. Ndo maana mtu wa Kibuye hapa Kisumu, mtu wa Nakuru na mtu wa Roma, siku nyingi wanafungua ukurasa mmoja.

Na si Wakatoliki peke yao. Wamoraviani, kanisa la Kiprotestanti, wale wa Herrnhut, Ujerumani, walianza kupeana neno la kila siku mwaka 1728, na tangu 1731 yanachapishwa kitabu cha mwaka mzima mpaka leo. Makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani pia yako na mpangilio wao wa miaka mitatu uliotoka 1992, unafanana sana na wetu.

Mtu atauliza, si nijichagulie tu mwenyewe? Mimi nikijichagulia nitakua kwa Zaburi ya 23 kila siku, najijua. Kuna wakati tulikua na maneno mazito na ndugu yangu mmoja juu ya shamba, nimeamka na hasira, nafungua masomo napata Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, na Yesu anamwambia saba mara sabini. Nilitaka kufunga Biblia, kusema kweli. Singewahi kulichagua hilo somo asubuhi hiyo, na ndilo nililohitaji. Ndio uzuri wa somo ulilopewa, Mungu anaongea kwanza na wewe unajibu, badala ya wewe kufika na orodha yako ya shida, ukaisoma mpaka mwisho na ukaondoka.

Venye linageuka sala, kuna mmonaki alieleza vizuri sana karne ya 12, anaitwa Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko milima ya Ufaransa. Alisema ni ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele ya Mungu. Akafananisha na chakula, kusoma ni kukitia mdomoni, kutafakari ni kukitafuna, kusali ndio unatoa ladha, na kutulia ni ule utamu wenyewe. Mimi nikisoma hiyo naona muwa tu, zile za njia ya Muhoroni. Muwa haumezwi. Unauma kipande, unatafuna polepole, na usipotafuna utamu hautoki hata ukikaa na muwa mdomoni siku nzima. Wengi wetu tunasoma sura nzima haraka haraka kama tunamaliza kazi alafu tunashangaa mbona hatuna la kusema. Chukua neno moja tu. Lirudie ukipiga mswaki, ukingoja chai ichemke.

Kwa jumuiya ndogo ndogo, vile vikundi vya Wakatoliki majirani vinavyosali pamoja, hii tunaifanya bila kuijua jina lake. Tukikaa kusoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila mtu anataja neno lililomgusa, analisema mara tatu, tunanyamaza, alafu maombi yanatoka hapo hapo. Mama mmoja wa jumuiya yetu hajui kusoma lakini sala zake ndizo zinanigusa zaidi, ju yeye anashika neno kwa masikio na halimtoki wiki nzima.

Papa Benedikto wa 16 aliongeza mwaka 2010 kwamba hiyo safari ya kutoka kusoma mpaka kusali haijafika mwisho mpaka iguse matendo. Siku ile ya Bartimayo mimi nilikwama kwa swali la Yesu, "Wataka nikufanyie nini?" Nililibeba kwa matatu mpaka Kondele na sikua na jibu, ju nilizoea kuomba mambo kumi kwa mpigo na sijawahi kuulizwa moja. Jioni dada akapiga simu. Alikua amesimama kwa mkutano wa chama akauliza pesa za wale wajane zimeenda wapi.